Hivi Johnson aliingiaje Vietnam kwa kina vile wakati aliikuta serikali ileile ya Kennedy?

Kobe Mwendakasi

Wakuu habari za usiku. Kuna kitu kinanisumbua na najua humu wapo watu wanaoisoma historia kuliko mimi. Kennedy anauawa Dallas tarehe 22 Novemba 1963, wakati huo Marekani ina watu kama 16,000 kule Vietnam Kusini kuisaidia dhidi ya wakomunisti wa Kaskazini, na kwa jina ni washauri wa kijeshi tu, sio jeshi la kwenda vitani. Anaingia makamu wake Johnson, chama kilekile, baraza lilelile, hadi waziri wa ulinzi ni yuleyule McNamara na wa mambo ya nje yuleyule Rusk, halafu mwisho wa 1965 tayari wako kama 184,000 na ndege zinapiga Kaskazini. Sasa kama chama hakijabadilika na mawaziri hawajabadilika, kimebadilika nini?

Na cha ajabu zaidi kwenye kampeni ya 1964 jamaa alikuwa anamsema mpinzani wake Goldwater kwamba huyu ndio mtu wa vita atatuingiza pabaya, watu wakampa kura asilimia 61 wakiamini wamechagua amani, miezi minne baadae wanajeshi wanashuka ufukweni Da Nang, Vietnam Kusini.

Ile ya kwamba Kennedy aliuawa kwa sababu alitaka kuwatoa askari naomba tuiweke pembeni, najua ikianza hapa tutafika ukurasa wa kumi tunatukanana na hakuna tulichojifunza. Mimi swali langu ni la kawaida tu, kiongozi akibadilika nyumbani kwa nini vita ya nje inazama zaidi? Maana kwa akili ya kawaida mtu mpya ndio mwenye nafasi ya kusema jamani hii vita sikuianzisha mimi.

Shangazi wa Mtaa wa Pili

Mwenye nafasi ya kusema hivyo ni yule aliyechaguliwa kwa kuipinga. Johnson hakuchaguliwa, alirithi. Na mrithi haanzi kuuza shamba la marehemu wakati arobaini bado haijaisha, ndugu wote watamtolea macho.

Fundi Saa

Mkuu Kobe, Shangazi kamaliza lakini ngoja niongeze nyama.

Kwanza tusimfanye Kennedy malaika. Alipoingia 1961 washauri hawakufika hata 1,000, yeye ndio aliyewafikisha hao 16,000. Ila Oktoba 1963 alipitisha mpango wa kuwaondoa 1,000 kabla mwaka haujaisha na lengo lilikuwa kazi kubwa iwe imekwisha ifikapo 1965. Wanaompenda wanashika hapo tu wanasema umeona, alikuwa anatoka. Shida ni kwamba mpango ule ulitegemea ripoti zilizosema vita inaenda vizuri, na vita haikuwa inaenda vizuri, makamanda walikuwa wanapeleka juu yale ambayo wakubwa wanataka kuyasikia. Kwa hiyo Johnson alirithi mpango wa kutoka wenye sharti la ushindi, na ushindi wenyewe haukuwepo.

Sasa njoo kwa Johnson mwenyewe. Huyu alikuwa fundi wa Seneti hakuna mfano, anajua kila mjumbe anataka nini na anaogopa nini, ila mambo ya nje hayakuwa uwanja wake na alijua hivyo. Amezungukwa na wasomi aliowaokota Kennedy, akina McNamara na McGeorge Bundy mshauri wa usalama wa taifa, watu wanaoongea kwa namba na vitabu, na yeye ni mwalimu wa zamani kutoka Texas. Kennedy alishaumwa na wataalamu kwenye ile aibu ya Kuba ya 1961, Bay of Pigs, tangu pale akawa anawasikiliza huku jicho moja liko mlangoni, na kwenye makombora ya Kisovieti kule Kuba 1962 aliwakatalia majenerali waliotaka kupiga mabomu. Johnson hakuwa na kovu lile. Alirithi washauri bila kurithi mashaka ya bosi wao juu yao. Kwangu mimi hapo ndio jibu la swali lako lilipo, watu ni walewale ila aliyekuwa anajua kuwaambia hapana hayupo.

Halafu kuna kivuli cha China. Mao na wakomunisti wake walipochukua nchi 1949 Warepublican waliwapiga Wademokrati kwa miaka na swali moja tu, nani aliipoteza China, na ile fitina ikamzaa McCarthy, yule seneta msaka wakomunisti. Johnson alikuwa Seneti, aliyaona yote akiwa kiti cha mbele. Siku mbili tu baada ya Dallas alikutana na balozi wao wa Saigon, mji mkuu wa Vietnam Kusini, Henry Cabot Lodge, na msimamo wake ulikuwa kwamba Vietnam haitapotea mikononi mwake. Siku mbili! Marehemu hajazikwa.

Na usidhani alikuwa kipofu. Alikuwa anarekodi simu zake na kanda zipo. Tarehe 27 Mei 1964 anamwambia Bundy kwamba haoni kama ile vita inastahili kupiganwa na haoni pia wanaweza kutoka vipi. Mtu anasema maneno hayo mwezi wa tano, mwezi wa nane linakuja tukio la Ghuba ya Tonkin, pwani ya Vietnam Kaskazini. Tarehe 2 meli ya kivita ya Marekani, Maddox, ilishambuliwa kweli, tarehe 4 wakasema imeshambuliwa tena na baadae ikajulikana siku ile hakukuwa na shambulio lolote, ni rada na wasiwasi wa usiku. Tarehe 7 Bunge likampa ruhusa ya kufanya anachoona kinafaa, wawakilishi 416 kwa 0, Seneti 88 kwa 2. Wawili tu waliokataa, Morse na Gruening, na wote walikuja kuangushwa kwenye uchaguzi wa 1968.

Baada ya hapo ni ngazi. Machi 1965 yanaanza mabomu ya kila siku Kaskazini. Mabomu yanahitaji uwanja wa ndege, uwanja unahitaji walinzi, ndio wale wanamaji 3,500 wa Da Nang tarehe 8 Machi. Mlinzi akikaa kwenye uzio anapigwa makombora usiku, basi wiki chache tu wakaruhusiwa kutoka nje kuwafuata adui. Hakuna asubuhi ambayo mtu aliamka akasema leo naanzisha vita kubwa.

Msafiri254

Fundi umeandika poa lakini hii hadithi ya Kennedy kuwa mjanja mbele ya wataalamu inanikera kidogo. Tuangalie yale alisema mwenyewe. Septemba 1963 alihojiwa na mtangazaji Cronkite kwa televisheni, akasema mwisho wa yote ile ni vita yao, wao ndio wa kushinda ama kushindwa. Watu wanakata hapo. Mahojiano ni hayohayo, akasema pia itakuwa makosa kwa Marekani kuondoka. Wiki moja baadaye kwa mahojiano mengine akaulizwa kama anaamini ile nadharia kwamba nchi moja ikianguka jirani zake zote zinafuata, akajibu anaamini. Sasa huyo ndiye angetoka?

Mimi naona tunapenda kuweka kila kitu kwa mtu mmoja juu ni rahisi kusimulia. Truman alilipia vita ya Wafaransa kule, Eisenhower akamsimika Diem kule Saigon, Kennedy akaleta helikopta, Johnson akaleta vijana wa kuandikishwa kwa lazima. Marais wanne vyama viwili, barabara moja. Kila mmoja alifanya kile kidogo cha kutosha asishindwe wakati wake. Johnson bahati mbaya yake ni kwamba alishika zamu wakati kile kidogo kilikuwa kimeisha, ilikuwa ni askari ama kufungasha.

Fundi Saa

Msafiri sikatai barabara ilikuwa moja. Ila hata wewe mwenyewe umesema ilifika njia panda. Sasa kwenye njia panda ndio dereva anapokuwa na maana, kwenye barabara iliyonyooka hata mimi naendesha.

Binti Makunduchi

Nyie wote mnaangalia Washington utadhani vita vilikuwa vyao peke yao. Mabadiliko ya kiongozi yaliyoharibu zaidi hayakuwa ya Dallas, yalikuwa ya Saigon wiki tatu kabla.

Ngo Dinh Diem alikuwa Mkatoliki anatawala nchi ambayo wengi ni Wabudha, na mdogo wake Nhu ndiye aliyeshika polisi wa siri. Mei 1963 wakawapiga risasi Wabudha kule Hue kwa ajili ya bendera, Juni mtawa Thich Quang Duc akajichoma moto katikati ya Saigon na picha ikazunguka dunia nzima, Agosti wakavamia mahekalu usiku. Maofisa wakubwa wa Kennedy wakachoka, wakatuma simu ya maandishi kwa balozi Lodge kwamba majenerali wakitaka kumwondoa sisi hatutawazuia. Tarehe 2 Novemba Diem na Nhu wakauawa ndani ya gari la deraya. Makamu wa rais Johnson hakuipenda hiyo biashara hata kidogo, na ndio maana naona inamchekesha Mungu kwamba bili ililetwa kwake.

Kwa nini nasema hii ndio iliyoharibu? Kwa sababu Diem pamoja na ubaya wake wote angeweza kuwaambia Wamarekani basi, rudini, nitaongea na Kaskazini mwenyewe, na kuna minong'ono kuwa Nhu alikuwa ameshaanza kuongea nao. Waliomfuata hawakuwa na ubavu huo. Jenerali Duong Van Minh, kiongozi wa mapinduzi yale, alikaa miezi mitatu, Januari 1964 Nguyen Khanh akampindua, halafu ikawa mapinduzi juu ya mapinduzi hadi katikati ya 1965. Wakuu wa mikoa wanabadilishwa kila serikali ikibadilika, vile vijiji vya ngome ambavyo Diem alijengea wakulima vikasambaratika. Na ukishaidhinisha mtu auawe ili mwingine akae, huyo mwingine ni mtoto wako, huwezi kumkana. Hapo ndipo Marekani ilipofungwa kamba.

Sasa angalieni na Hanoi, mji mkuu wa Kaskazini, maana watu wanafikiri ni rais wao Ho Chi Minh tu aliyekuwa anaamua. Wakati huo Ho ni mzee na wengine ndio wanaosukuma mambo, hasa Le Duan, katibu wa kwanza wa chama, mtu aliyekaa miaka mingi akipigana Kusini na kule ndiko moyo wake uliko. Desemba 1963, Diem hayupo, Kennedy hayupo, kamati kuu ya chama inakaa na upande wa Le Duan unashinda, kwamba tuongeze nguvu Kusini tumalize kabla Wamarekani hawajaja wengi. Akina Jenerali Giap waliotaka taratibu wakasogezwa pembeni. Mwisho wa 1964 vikosi vya jeshi la Kaskazini lenyewe vinateremka njia ya porini kupitia Laos.

Halafu Moscow! Oktoba 1964 Khrushchev, kiongozi wa Kisovieti, anang'olewa. Huyu alikuwa hataki kabisa kujiingiza na Vietnam, baada ya Kuba alitaka maelewano na Marekani. Waliokuja, Brezhnev na Kosygin, walikuwa wanagombana na China nani ndiye baba wa wanamapinduzi, wakaona hawawezi kuonekana wamemwacha Hanoi peke yake. Februari 1965 Kosygin akaenda Hanoi mwenyewe, yuko hukohuko, waasi wa Kusini wanaosaidiwa na Hanoi wakashambulia kambi ya Wamarekani Pleiku na Johnson akajibu kwa mabomu Kaskazini siku ileile. Waziri mkuu wa Kisovieti yuko mjini mabomu yanaanguka kwenye nchi aliyokwenda kuitembelea. Baada ya hapo silaha za kutungulia ndege zilikuja kama mvua.

Kwa hiyo ndani ya miezi kumi na mbili hivi umebadilisha Saigon, Washington na Moscow, na Hanoi mizani imehamia upande mwingine. Kila mpya anataka kuonyesha yeye sio laini kuliko aliyetoka. Nani hapo angeanza kuzungumza?

Waliojaribu walikuwa watu wa nje. Juni 1965 wakuu wa Jumuiya ya Madola kule London wakaunda ujumbe wa amani chini ya Wilson wa Uingereza, Mwalimu Nyerere akajitenga nao, hakuamini kama Uingereza inayoiunga mkono Marekani inaweza kuwa msuluhishi, na kweli Hanoi na Peking, yaani China, hawakuupokea. Nkrumah naye akang'ang'ania, Februari 1966 akafunga safari ya Hanoi, alipofika Peking wakamwambia umeshapinduliwa Accra. Yani hata huyo wa kupatanisha akabadilishwa njiani.

Kobe Mwendakasi

Dah Binti umenimaliza, hiyo ya Nkrumah nilijua alipinduliwa akiwa China ila sikujua alikuwa anakwenda Hanoi.

Sasa nina swali la nyongeza. Kama shida ya Johnson ilikuwa urithi basi Nixon je? Huyu alikuja kwa kura, chama kingine, watu wameshachoka, aliahidi amani. Mbona nae ilichukua miaka minne?

Msafiri254

Nixon ni case ya ajabu juu alipunguza na kupanua wakati mmoja. Idadi ya askari ilifika kilele Aprili 1969, kama 543,000, yeye ndio ameingia tu Januari. Kuanzia hapo akaanza kuwarudisha nyumbani na kuwaachia Wavietnam wa Kusini wapigane. Sawa. Lakini Machi 1969 tayari ameanza kupiga mabomu Kambodia kwa siri, hata Bunge lao halijui. Anaondoka Vietnam kwa mlango huku anaingia nchi jirani kwa dirisha.

Na Binti atafurahi hapa, kule Kambodia pia ilikuwa mabadiliko ya kiongozi. Mfalme wao wa zamani Sihanouk alikuwa ameishi miaka na ule ujanja wake wa kukaa katikati, huku anafumba macho Wavietnam wakipita, huku anaongea na Wamarekani. Machi 18, 1970 Lon Nol akampindua akiwa safarini ng'ambo. Wiki sita baadaye Nixon anatangaza kwa televisheni askari wanaingia Kambodia, vyuo vinalipuka kwa maandamano, chuo cha Kent State wanafunzi 4 wanauawa na askari wa akiba. Sihanouk kwa hasira akaungana na Khmer Rouge, wakomunisti wa Kambodia, vijana wa kijijini wakaingia msituni wakifikiri wanampigania mfalme. Tunajua iliishia wapi 1975, Khmer Rouge walipochukua nchi.

Kati ya Wamarekani zaidi ya 58,000 waliokufa, zaidi ya 20,000 walikufa Nixon akiwa rais. Na mkataba wa Paris wa Januari 1973 uliacha askari wa Kaskazini palepale walipo Kusini, kitu ambacho miaka ya nyuma kilikuwa hakikubaliki kabisa.

Mtoto wa Kivu

Bandugu habari. Mimi niko Uvira nasoma tu kimyakimya lakini leo niseme. Kwetu tuliona kinyume chake na mbona hamuisemi.

Mzee Laurent Kabila aliingia Kinshasa Mei 1997 akisaidiwa na Rwanda na Uganda, mwaka uliofuata akawafukuza wanajeshi wa Rwanda, Agosti 1998 vita ikaanza upya na nchi kama sita saba zikawa ndani. Mkataba wa Lusaka ulisainiwa 1999 lakini Mzee alimzuia yule msuluhishi Masire wa Botswana, akamfungia hata ofisi. Tarehe 16 Januari 2001 Mzee akauawa. Wakaweka mtoto wake Joseph, miaka 29, hajulikani, hana chama, Kifaransa chenyewe watu walisema hakijui vizuri. Kwa mujibu wenu huyu alipaswa kuogopa kuonekana mlaini na kuongeza moto, ama sivyo? Lakini alimrudisha Masire, yakaja mazungumzo ya Sun City 2002, Julai mwaka huohuo mkataba wa Pretoria na Rwanda, kisha wa Luanda na Uganda, wanajeshi wa nchi zile wakatoka.

Sisemi amani ilikuja. Ituri iliwaka vibaya sana 2003 na sisi huku Kivu mpaka leo mnajua wenyewe. Lakini ile vita ya mataifa ilishuka kwa sababu mtu alibadilika.

Shangazi wa Mtaa wa Pili

Mtoto wa Kivu pole na hali ya huko, na umeuliza swali ambalo Fundi na Binti wamelikwepa.

Tofauti naiona kwenye nani alikuwa amechoka. Joseph aliwakuta wenye kumlinda, Angola na Zimbabwe, wameshachoka, hakuna mtu Kinshasa aliyekuwa anamwambia piga tutashinda. Na lawama ya kukataa mazungumzo ilikuwa ya baba yake na ilizikwa na baba yake. Johnson alikuta watu wote wenye vyeo chumbani wanamwambia ongeza kidogo tu. Na kingine kikubwa, Johnson alikuwa na kitu cha kupoteza nyumbani. Alitaka sheria zake, haki za weusi, bima ya matibabu ya wazee, vita dhidi ya umaskini. Tazama tarehe: 28 Julai 1965 anatangaza askari wanapanda kutoka 75,000 hadi 125,000, mchana tu kwenye mkutano wa waandishi kama jambo la kawaida, hakuita hata askari wa akiba ili Bunge lisishtuke likaanza kuuliza pesa. Siku mbili baadae anasaini ile bima ya wazee. Alikuwa anaificha vita nyuma ya sheria zake. Aliamini akionekana ameipoteza Saigon, wapinzani watamkaba kooni na sheria zote zitakwama.

Lakini nami simwachii hivyo, maana nafasi aliipata. Kobe aliuliza mtu mpya hana nafasi ya kusema hii sio yangu, Johnson aliipata Novemba 1964, ameshinda kwa asilimia 61, sio mrithi tena, ni rais wa kura zake. Februari 1965 makamu wake Hubert Humphrey akamwandikia waraka mrefu akimwambia huu ndio mwaka wa kutoka, tumewabwaga Warepublican vibaya na hatuna haja ya kuogopa kelele zao, tukiingia zaidi watakaotugeuka ni watu wetu wenyewe. Johnson alikasirika, akamfungia Humphrey nje ya vikao vya Vietnam kwa karibu mwaka mzima. Huyo Humphrey ikabidi aisifie vita hadharani ili aruhusiwe kurudi chumbani, halafu 1968 Johnson alipojitoa kugombea ni yeye ndiye aliyepelekwa kwa wapigakura akiwa ameibeba vita aliyoikataza kwa maandishi, na Nixon akamshinda kwa chini ya asilimia moja ya kura.